Mkwe wa Dirishani na Kompyuta ya Mama

Mume wangu Lekishon ana akili nyingi za kompyuta na hana hata moja ya kukataa kazi. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwezi wa saba, wakati wanaume wengine wa Sekei wamejifungia ndani na makoti yao, yeye alikuwa amesimama nje ya dirisha la sebule ya mama yangu, dirisha kalipa mgongo, anatengeneza kompyuta ambayo hawezi kuitazama.

Ngoja nieleze mapema, maana najua kuna watu watasema tumechanganyikiwa. Sisi ni Waarusha. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali: hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na kushikana mikono ndiyo usithubutu hata kuwaza. Nilipoolewa, Lekishon alimpa Mama kondoo, na tangu siku hiyo wanaitana Paker, jina ambalo watu wetu huitana wakishapeana kondoo. Wanaitana, lakini kwa kupitia kwangu. "Msalimie Paker." "Mwambie Paker parachichi nimezipata." Mimi ndiye waya.

Siku hizi vijana wengi mjini wameyaacha hayo, wanakula pilau na mama wakwe zao na selfi juu. Mama yangu hajaacha kitu. Ni muuguzi mstaafu, ni mzee wa kanisa, anajua kutumia simu kuliko mimi, lakini Lekishon akipiga hodi yeye huingia chumbani na kufunga mlango mpaka kijana wa watu anywe chai na kuondoka.

Siku ile hakuingia chumbani, na sababu yake ilikuwa imekaa kwenye kochi letu tangu saa saba mchana ikila karanga zetu. Inaitwa Theresia, Mama Ezra.

Kikundi cha akina mama wafuga mbuzi wa maziwa kilikuwa kinachagua mwenyekiti, saa tisa, sebuleni kwetu. Wagombea ni wawili: Mama na Mama Ezra. Mama Ezra ni mwanamke wa sauti kubwa na karatasi za manila. Kila mpango wake huuandika kwa kalamu nene ya wino, anaubandika ukutani, na anaupigapiga kwa mwiko wa ugali wakati anaeleza. Mama naye alikuwa ametangaza mbele ya kikundi kizima kwamba mpango wake ataonyesha kwenye runinga, kwa picha. Alizitengeneza mwenyewe wiki nzima, miwani puani, ulimi nje kidogo: mbuzi, banda, mchungaji wa kanisa akilibariki, jokofu la kupoozea maziwa, mpaka ramani ya wateja kutoka Themi hadi Sakina.

Aliutaka uenyekiti ule. Hospitalini miaka yote watu walikuwa wanamfuata, nesi hivi, nesi vile, nesi njoo uone. Tangu astaafu, swali kubwa analoulizwa ni kama chai ina sukari. Hakuwahi kusema kwamba inamuuma, lakini mimi ni mtoto wake wa kwanza, naona. Alikuwa halali vizuri kwa ajili ya ile kura.

Kompyuta alipewa na Lekishon. Ilikuwa kuukuu, imechoka, ukiiwasha unaweza kwenda kukamua mbuzi ukarudi. Lekishon akaiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, akaipanga yote kwa Kiswahili, ikafufuka. Betri ndiyo haikufufuka. Ukiichomoa kwenye umeme inazima hapo hapo, na soketi inayofanya kazi sebuleni ni moja tu, ile ya chini ya dirisha karibu na runinga.

Mchana ule Mama alichomeka waya wa runinga ili afanye mazoezi. Runinga ni ya zamani na ina mambo yake. Kompyuta ilipokutana nayo ikajishusha hadhi, na hata waya ulipochomolewa haikutaka kurudi ilivyokuwa. Kila kitu kikavimba. Herufi zikawa kubwa kama za bango la barabara ya Nairobi, nusu ya kioo ikaliwa na vitufe vya juu, na yule mbuzi wa picha ya kwanza, aliyekuwa amesimama mzima na kengele yake shingoni, akabaki pua.

"Huyu ni mbuzi au ni tundu la choo?" aliuliza Mama Ezra, akachukua karanga nyingine.

Nikampigia Lekishon simu. Alifunga kibanda chake cha ufundi kule Sakina akaja na pikipiki, akapiga hodi, na mimi nikamwambia Mama aingie chumbani kidogo ili kijana aingie atengeneze.

"Niingie chumbani?" alisema Mama kwa sauti ya chini, akimtazama Mama Ezra kwa kona ya jicho. "Leo? Nimwachie huyu sebule yangu siku ya kura? Nikitoka nitakuta ameshabandika manila mpaka kwenye picha ya marehemu baba yako. Siinuki."

"Basi nimpelekee kompyuta nje."

"Itazima."

"Basi niongee naye kwa simu, niweke sauti kubwa."

"Sauti yake ikiwa ndani ya nyumba, yeye yuko ndani ya nyumba. Akae nje ya dirisha, ageuke upande wa pili. Wewe utatuunganisha."

Ndivyo mume wangu alivyoishia pale uani, kwenye manyunyu, akiutazama mparachichi. Dirisha tulilifungua lote. Wavu ulikuwa umetolewa kuoshwa kwa ajili ya wageni, zilibaki nondo tu.

"Mwambie Paker afungue Mipangilio," Lekishon aliuambia mparachichi.

Mama alimsikia. Kati ya mdomo wa Lekishon na sikio la Mama hapakuwa na nafasi ya kumlaza ng'ombe. Lakini mkono wake ulikaa kimya juu ya mausi mpaka mimi nikasema, "Mama, fungua Mipangilio."

"Mwambie mume wako nimefungua."

"Amefungua."

"Sasa aende palipoandikwa Skrini. Aseme anaona namba gani."

"Mama, nenda palipoandikwa Skrini. Unaona namba gani?"

"Mwambie naona mia nane kwa mia sita."

"Ni mia nane kwa—"

"Aha," alisema Lekishon, ambaye na yeye wakati mwingine anasahau kwamba hajasikia. "Hizo ni vidoti. Kioo chake kina vidoti elfu moja mia tatu na kitu kwa upana. Sasa kinatumia mia nane tu, ndiyo maana kila kitu ni kikubwa. Achague elfu moja mia tatu sitini na sita."

"Na hivyo vidoti vingine vimeenda wapi?" aliuliza Mama Ezra.

Mama aliganda. Hakutaka swali la Mama Ezra liwe na maana, lakini ni kweli na yeye alitaka kujua. "Sabina, muulize mume wako vidoti vingine vimeenda wapi."

"Lekishon, vidoti vingine vimeenda wapi?"

"Vipo. Vimelala."

"Mama, vimelala."

"Kwenye manila hakuna kinacholala," alisema Mama Ezra.

Wanachama walianza kuingia, wanapangusa viatu na kuuliza kwa nini mkwe ananyeshewa. Zamda alikuja na chupa yake ya chai ya tangawizi. Zamda, au Mama Salha, ni jirani yetu, Mwislamu, mtu wa watu wa Kondoa, na mbuzi wake ndiye anayeongoza kwa maziwa kikundi kizima. Alikaa karibu na kompyuta kwa sababu ndipo palipobaki nafasi.

Mama alichagua namba. Lekishon akasema abonyeze kitufe cha Tumia. Nikasema, "Mama, bonyeza Tumia." Mama akatafuta. Akasogeza miwani. Akatafuta tena.

"Mwambie hakuna Tumia."

"Lazima iwepo. Iko chini kabisa, mkono wa kulia."

Mama akainama akatazama chini ya kioo. Na mimi nikainama. Hakukuwa na kitu ila vumbi. Zamda, mtu mwenye moyo wa kusaidia, akaangalia chini ya meza.

"Mwambieni Paker kitufe kimezama," Lekishon alifafanua. "Ule ukurasa ni mrefu kuliko kioo kilivyo sasa. Ashike kitufe cha Alt kwa mkono mmoja asikiachie, halafu kwa mausi aukamate ukurasa popote pale auvute juu. Utapanda tu."

Nilirudia maneno yote hayo, na koo lilishaanza kunikauka. Mama akashika Alt kama anavyoshika mshipa wa mgonjwa, akavuta. Ukurasa ukapanda. Na kule chini, kweli bwana, kikajitokeza kitufe kimeandikwa Tumia. Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, akina mama wakashika vifua, kisha kikarudi kikiwa kizuri, kidogo kidogo, safi, na mbuzi akasimama wima kwenye miguu yake yote.

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Na kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa, jambo jema likitokea hatukai tukilitazama. "Tumshukuru Mungu," alisema Mama, sauti inatetemeka kwa furaha, na wote tukasimama, tukashikana mikono, tukafumba macho. Nje Lekishon akavua kofia. Mama alishukuru kwa ajili ya kompyuta, kwa ajili ya aliyeitengeneza, kwa ajili ya vidoti vyote vilivyoamka. Hakuwa mrefu, ila hakuwa mfupi. "Amina," tukasema, tukafumbua macho.

Pua ya mbuzi ilikuwa imerudi.

Nilitamani kulia. Ikasikika karanga ikivunjika kwenye meno ya Mama Ezra.

"Mimi sisemi kitu," alisema Mama Ezra, na mtu akianza hivyo ujue atasema. "Sisemi kitu kabisa. Lakini mashine isiyopenda maombi ni mashine gani?"

Akina mama wawili waliokuwa karibu na kompyuta wakasogeza viti vyao kidogo. Niliwaona. Mama pia aliwaona, na mabega yake yakashuka.

"Muulize Paker kama alibonyeza kiboksi," sauti ya Lekishon ilitoka dirishani.

"Mama, ulibonyeza kiboksi?"

"Kiboksi gani?"

"Kiboksi gani, Lekishon?"

"Kinachotokea ukishabonyeza Tumia. Kinauliza kama ubaki hivyo au urudi."

"Mwambie mume wako hakikutokea kiboksi chochote. Watu wote hapa ni mashahidi."

Na wote wakatikisa vichwa, hakuna aliyekiona. Watakionaje? Macho yalikuwa yamefumbwa. Ndipo Zamda alipokohoa.

"Kilikuwepo," alisema taratibu. "Mimi nilikiona. Kidogo hivi, katikati ya kioo. Kilikuwa kinahesabu kurudi nyuma. Kilipofika sifuri kikaondoka, na mbuzi naye akaharibika."

Nilimgeukia. "Mama Salha! Na hukusema?"

"Mlikuwa mnasali, Sabina. Mimi nitaingiliaje ibada za watu kwa ajili ya kiboksi?"

Alikuwa na haki, na alikuwa na adabu, na adabu yake ilikuwa imetuua. Nikaenda dirishani kummalizia hasira mume wangu.

"Ulijua kinahesabu na ukanyamaza!"

"Nilitaka kusema mkaanza kuomba," alisema Lekishon, bado akiutazama mparachichi. "Nikavua kofia. Sabina, kompyuta ikibadilisha kioo inaogopa. Inawaza, pengine huyu mtu sasa haoni kitu, hata pa kurudia hapaoni. Kwa hiyo inauliza, nibaki hivi? Ukinyamaza, inajirudisha yenyewe ilikotoka. Mwambie Paker mara hii akiona kiboksi abonyeze Baki Hivi, kwanza, kabla ya yote."

Niliyarudia hayo kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie, hasa mmoja. Saa tisa ilikuwa imeshafika na sebule imejaa. Mama akakaa sawasawa kitini, akashika Alt, akavuta ukurasa, akaniangalia, akabonyeza Tumia.

Kioo kikawa cheusi. Kikarudi kizuri. Na katikati, mbele ya macho yangu, kiboksi! Kilikuwepo kweli, na namba zake zinashuka. Mama akausogeza mshale hadi kwenye Baki Hivi.

"Tuinuke!" Mama Ezra alikuwa ameshasimama. "Tumshukuru Mungu, akina mama! Na mara hii tushukuru kwa kirefu, maana shukrani ya kwanza ilikuwa ya haraka haraka!" Na akaunyakua mkono wa kulia wa Mama, ule ule wa mausi, akaubana kwenye kiganja chake. Huku kushoto Mama alikuwa ameshanishika mimi kwa mazoea. Viti vikaburuzwa, vichwa vikainama.

Jamani, Mama Ezra anajua kuomba. Aliombea mvua. Aliombea mbuzi wenye mimba. Aliombea barabara, aliombea wajane, aliombea vifaa vya kisasa vinavyowachanganya wazee. Mimi nilifumbua jicho moja na kutazama namba zinavyoshuka. Mkono wangu mmoja uko kwa Mama, wa pili umekumbatiwa na mama mmoja wa kwaya mwenye nguvu za kupakia magunia. Nikamtazama Mama, na jicho la Mama, mzee wa kanisa, lilikuwa wazi pia. Tulitazamana. Sijawahi kumwona na hofu ile, hata siku alipofiwa hakuwa na uso ule, maana siku ile alikuwa na kazi ya kufanya na hii hapa alikuwa amefungwa mikono.

"Leki," nilinong'ona kuelekea dirishani. "Leki, kiboksi."

Lekishon aligeuka.

Mkono wake ukapita kati ya nondo, mkono mrefu, umelowa hadi kwenye kiwiko, ukatafuta mausi. Wakati huo huo Mama akajichomoa kwa Mama Ezra na kurusha wake. Wa Mama ukafika kwanza. Wa Lekishon ukatua juu yake. Kidole chake kikabonyeza kidole cha Mama, kidole cha Mama kikabonyeza mausi, na kiboksi kikatoweka, mbuzi akabaki mzima.

"Amina!" alisema Mama Ezra, akafumbua macho.

Wote walifumbua macho. Na kitu cha kwanza walichokiona hakikuwa mbuzi.

"Yesu wangu," alisema Mama Ezra. "Mkwe kamshika mama mkwe mkono."

Lekishon aliuvuta mkono wake kwa haraka mpaka saa yake ikagonga nondo ngaa. Akaugeukia mparachichi, na kwa nyuma nikaona masikio yake yameiva kwa aibu. Ndani akina mama walikuwa wanatazamana. Bibi mmoja alijifunika uso na kanga yake, ingawa aliacha upenyo wa jicho.

"Hapo kuna kondoo," alisema Mama Ezra. "Lazima kijana alipe. Na mimi nauliza tu, nauliza kama mama: kikundi kitaongozwa na mtu ambaye nyumbani kwake heshima inapita dirishani?"

Nilitaka kumviringisha ndani ya manila yake nimtupe Mto Themi. Lakini nilijua pia kwamba vichwa vinaanza kutikisika kumkubali. Mama angeweza kujiokoa kwa urahisi. Angesema kijana amekosa adabu, alete kondoo kesho, tuendelee na mkutano. Wote wangeridhika. Na Lekishon mwenyewe alikuwa ameshaanza kumsaidia: "Mwambie Paker kosa ni langu. Kondoo nitaleta kesho asubuhi." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, nikadhani ni aibu.

Sikurudia. Nilikataa. Kwa mara ya kwanza siku ile waya uligoma.

Mama alikuwa anautazama mkono wake. Aliugeuza kiganja juu, akaugeuza tena.

"Ni wa baridi," alisema.

"Nini?" aliuliza Mama Ezra.

"Mkono wake. Nimeshika mikono ya watu maisha yangu yote, najua huu ni mkono wa namna gani. Ni wa mtu aliyesimama kwenye manyunyu tangu mchana kwa sababu mimi sikutaka kuinuka kwenye kiti changu." Akavua miwani. "Kondoo yupo. Nitatoa mimi."

"Tangu lini mama mkwe akamlipa mkwe?"

"Tangu leo, Mama Ezra. Andika kwenye manila."

Akainuka. Alipita katikati ya magoti ya akina mama wote, kiti chake kikabaki kitupu pale mbele, sebule ikabaki haina mwenyewe, akaingia chumbani na kurudishia mlango, akauacha wazi kidogo tu. Mama Ezra hakupoteza muda, alikaa kwenye kile kiti kabla hakijapoa.

Halafu kutoka chumbani ikatoka sauti, na haikuniita mimi.

"Paker."

Nadhani hata mparachichi ulishtuka.

"Naam, Paker," alisema Lekishon.

"Ingia ndani upate moto."

Mazoea ni kitu kibaya. Nilishafungua mdomo: "Lekishon, Mama anasema—"

"Amesikia, Sabina," alisema Mama. "Wewe mletee chai."

Lekishon aliingia kainamisha kichwa, maji yanamdondoka. "Shikamooni, mama zangu." "Marahaba," walijibu wote, na Zamda akammiminia chai yake ya tangawizi bila kuningoja. Lekishon akaenda akasimama mbele ya kile kiti, kwa sababu kompyuta ilikuwa pale. Alisimama tu na kikombe chake, kwa heshima zote, anadondosha maji kwenye viatu vya Mama Ezra. Mama Ezra alivumilia, akavumilia, mwisho akainuka.

Akabandika manila zake yeye wa kwanza. Kwa unyevunyevu wa siku ile gundi ilikuwa haishiki, kwa hiyo mpango wake aliueleza huku ameuegemea kwa mgongo ili usianguke, na mwiko akaukosea mahali pa kupiga. Nisimdhulumu, ulikuwa mpango mzuri.

Kisha Lekishon akachomeka waya wa runinga, akabonyeza hiki na kile, kikatokea kiboksi, na sebule nzima, wazee kwa vijana, ikapiga kelele kwa pamoja: "Baki Hivi!" Akabonyeza.

"Picha ya kwanza, Paker," ilisema sauti ya chumbani.

Mbuzi akatokea kwenye runinga, mzima, kutoka pembe hadi kwato. Mama hakuwa anaona kitu. Alieleza kwa kichwa, kutoka kitandani, picha moja baada ya nyingine, na Lekishon akawa anazisogeza. Alieleza jokofu ni la bei gani na litalipwaje, nani atakamua saa ngapi, nani atapeleka maziwa Themi. Walipomuuliza maswali aliyajibu kupitia ule upenyo wa mlango, na walimuuliza mengi, mpaka wakawa wanagombea zamu. Mara moja tu yeye na Lekishon walipishana, alipokuwa anasema, "Na huyu mnayemwona hapa ananyonyesha mapacha, maziwa yake ni mazito ajabu," na Lekishon akakohoa.

"Bado, Paker. Hapa ni mchungaji."

Tulicheka mpaka bibi wa kanga akashindwa kujifunika. Hata Mama Ezra alicheka, ila alijaribu kuifanya iwe chafya.

Zamda ndiye aliyesimamia kura. "Wanaomtaka Mama Ezra wanyooshe." Wakanyoosha watu wake, na yeye mwenyewe. "Haya, shusheni. Wanaomtaka Mama Sabina."

Nilijua kule chumbani Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, hawezi kutoka na hawezi kuona. Nikainuka ili nikimbie nikamwambie, ndiyo kazi yangu.

"Paker," aliita.

"Naam, Paker."

"Unaona nini?"

Lekishon, ambaye muda wote ule hakuwa ameinua macho juu ya vitufe vya kompyuta, aliyainua akatazama sebule. Akatua kikombe mezani.

"Naona mikono, Paker," alisema. "Imenyooshwa mpaka runinga siioni."